Kodi ya Bakshishi: Marekani Imesamehe Nini, na Imemsamehe Nani?

Tangu msimu wa ritani za kodi uanze mwaka huu wa 2026, kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani. Anayezungumza ana furaha ya kweli. Anasema serikali imefuta kodi ya bakshishi, kwamba wahudumu wa migahawa, wasusi na madereva sasa watakula jasho lao lote bila kukatwa hata senti. Sauti hiyo ilifika mpaka Arusha, na binamu yangu akanirudishia na maneno mawili: "Hongera, kaka." Anakumbuka kwamba miaka yangu mitatu ya mwanzo nilikuwa nabeba sahani Houston. Nimeisikiliza mara kadhaa, na kila mara naumia kidogo, kwa sababu ile furaha imeelekezwa mahali pasipo. Sheria hii imeeleweka vibaya, na si kwetu tu. Hata Wamarekani wengi wameipokea kama zawadi kwa mnyonge. Mimi naona imefanya jambo jingine kabisa. Imeupa baraka ya serikali utaratibu ambao ndani yake ujira wa mtu ni hisani ya mgeni aliyeketi mezani, badala ya kuwa deni la aliyemwajiri. Na mpaka huo, kati ya anayelipwa kwa haki na anayelipwa kwa hisani, ndio unaogawa matabaka nchi hii katika maisha ya kila siku, kuliko aina ya gari au ukubwa wa nyumba.

Tuanze na sheria yenyewe. Ahadi ilitolewa na Donald Trump mjini Las Vegas, Juni 2024, katika jimbo la Nevada ambako watu wengi mno wanaishi kwa bakshishi. Miezi miwili baadaye Kamala Harris akaahidi vivyo hivyo, mjini humo humo. Sheria ikasainiwa Julai 4, 2025. Haikufuta kodi. Inamruhusu mhudumu kuondoa bakshishi zake, hadi dola 25,000 kwa mwaka, kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na ruhusa hiyo ni ya miaka minne tu, 2025 hadi 2028. Michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo kwa jumla ni asilimia 7.65, inaendelea kukatwa kwenye kila bakshishi kama zamani. Kwa hiyo yule aliyesema "bila kukatwa hata senti" amekosea, na kosa hilo si dogo, kwa sababu kwa mtu wa kipato cha chini makato makubwa ni hiyo michango. Kodi ya mapato anaisikia kwa mbali.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Chukua wahudumu wawili wasio na ndoa wala watoto. Kwa mwaka 2025, dola 15,750 za kwanza za kila mmoja wao hazitozwi kodi ya mapato. Wa kwanza yuko kwenye mgahawa wa nyama za bei katikati ya jiji. Mwaka mzima amepata dola 45,000, na 25,000 kati ya hizo ni bakshishi. Bila sheria mpya angelipa kodi ya mapato kama dola 3,270. Sasa analipa 425. Amebakiwa na zaidi ya dola 2,800, na mtu aliyesimama kwa miguu yake mwaka mzima anastahili kila moja ya hizo. Wa pili yuko kwenye mgahawa wa mayai na kahawa kando ya barabara kuu, nje ya mji. Amepata dola 16,000. Kodi yake ya mapato ilikuwa dola 25. Hizo ishirini na tano ndizo alizosamehewa. Ile michango, dola 1,224, ameilipa yote. Na angepata chini kidogo, tuseme 15,000, asingesamehewa chochote, maana hakuwa na kodi ya mapato ya kusamehewa. Wachambuzi wa Chuo Kikuu cha Yale walikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 37 ya wafanyakazi wanaotegemea bakshishi walikuwa hivyo: kipato chao kilikuwa kidogo mno kudaiwa kodi ya mapato. Zaidi ya theluthi moja ya watu wanaopongezwa kwenye ile sauti hawakuguswa na sheria hii.

Halafu kuna watu ambao hawakutajwa hata kwa jina. Dada zetu wengi huku, kutoka Moshi, Kisumu, Bukavu, wanafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Wanawageuza kitandani, wanawaogesha, wanawalisha. Bakshishi kwao ni marufuku kazini. Mmoja wao akipata dola 45,000 sawasawa na yule wa mgahawa wa nyama, bila mume wala watoto, atalipa zile dola 3,270 kamili. Ndani ya mgahawa huo huo, muosha vyombo aliyejificha nyuma na mvuke wake, asipogawiwa bakshishi, naye hana punguzo, kwa kuwa hakuna mteja anayemwona akamkumbuka. Sheria inayodai kumpunguzia mzigo mtu wa chini imechagua kipimo ambacho hakina uhusiano na uchini wake. Haikuuliza unapata kiasi gani. Imeuliza anayekulipa ni nani.

Hapo ndipo lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la nani anamlipa mhudumu lina historia chungu. Bakshishi ilikuwa desturi ya Ulaya, ya bwana na mtumishi, na ilipoingia Marekani katika karne ya 19 wengi waliichukia. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, na majimbo mengine kadhaa yakafuata. Kilichoizamisha mizizi ni kwamba baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watu weusi waliotoka utumwani waliajiriwa kwa wingi kwenye kazi za kuhudumia, na waajiri wakaona njia ya kuwa na mfanyakazi karibu bila mshahara. Kampuni ya Pullman, yenye mabehewa ya kulala, iliwachukua maelfu yao wakawa wanatandika vitanda na kung'arisha viatu usiku kucha, mshahara kiduchu, wakitegemea kutupiwa sarafu. Abiria waliwaita wote "George," jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Wanaume hao waliunda chama chao mwaka 1925, chini ya mwanaharakati A. Philip Randolph, na ilichukua miaka kumi na miwili mpaka kampuni iliposaini mkataba nao, 1937. Kubwa walilolidai lilikuwa mshahara wa kweli na saa za kazi zinazojulikana, ili mtu asiishi kwa kutabasamu.

Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikatunga sheria ya kima cha chini cha mshahara, na wafanyakazi wa migahawa wakaachwa nje. Waliingizwa mwaka 1966, lakini kwa mlango wa nyuma: mwajiri aliruhusiwa kuihesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara anaotakiwa kulipa. Tangu 1991 sehemu ya mwajiri, kwa sheria ya serikali kuu, imekuwa dola 2.13 kwa saa, na mwaka 1996 Bunge likaitenga rasmi na kima cha chini cha kawaida ili isipande nacho. Thamani ya dola hizo mbili na senti kumi na tatu imeshuka kwa zaidi ya nusu, lakini namba haijasogea. Kima cha chini cha kawaida, ambacho nacho kimekwama kwenye dola 7.25 tangu 2009, kinaacha pengo la dola 5.12. Pengo hilo linazibwa na wateja. Kwa wiki ya saa 40 ni zaidi ya dola 204 kwa kila mhudumu, ambazo kisheria ni mshahara wake, zikitoka mfukoni mwa watu waliokuja kula. Sheria inasema zisipofika, mwajiri ajazie. Mimi niliyeishi ndani yake nasema hivi: kumwendea meneja na kumwambia wiki hii bakshishi hazikufika ni sawa na kumwambia wewe ni mhudumu mbaya. Watu huacha.

Nieleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu, maana bila hilo hoja hii inabaki ya vitabuni. Kwenye mgahawa nilipokuwa, mhudumu alitakiwa kila mwisho wa zamu kutoa asilimia 4 ya mauzo yake, si ya bakshishi yake, awagawie wahudumu wa baa na wanaofuta meza. Usiku mmoja wa Jumamosi meza ya mwenzangu, mama wa makamo kutoka Honduras, ilikaa watu sita. Jikoni kulikwama, chakula kikachelewa dakika arobaini. Alikwenda na kurudi, akawaletea mkate, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Bili ilikuwa dola 140. Wakaacha dola 3. Asilimia 4 ya 140 ni dola 5 na senti 60. Nilimwona akifungua pochi yake pale kaunta, akatoa dola mbili na chenji, akajazia. Alilipa ili awe amefanya kazi. Ijumaa iliyofuata ikaja hundi yake ya wiki mbili, na kwenye mstari wa mwisho palikuwa na sifuri tatu zenye nukta katikati. Hundi za namna hiyo ni za kawaida kwenye majimbo yanayofuata zile dola 2.13, kwa sababu makato ya bakshishi yote huchukuliwa kwenye kale kamshahara, na kamshahara hakatoshi. Sheria mpya haijaligusa sana hilo: mhudumu anayepata dola 85 za mshahara na 600 za bakshishi kwa wiki, ile michango peke yake inachukua kama dola 52 kati ya zile 85.

Ile hundi ya sifuri ina maisha yake marefu. Wenye nyumba wengi Marekani hawakupangishi mpaka uonyeshe stabu za mshahara, yaani vipande vya hundi, zinazothibitisha kwamba kipato chako ni mara tatu ya kodi ya nyumba. Mama yule alikuwa na pesa, ameziweka kwenye bahasha, lakini hakuwa na karatasi inayoeleweka. Mtu wa ofisini anayepata kiasi kile kile anapata fleti, anapata mkopo wa gari kwa riba nafuu, anapanga likizo ya Desemba mwezi wa nne. Yeye hawezi kuahidi chochote, kwa kuwa mvua ikinyesha Jumamosi kipato chake kinanyesha nayo. Zaidi ya nusu ya Wamarekani wakiulizwa hujiita watu wa tabaka la kati, na kwa sababu hiyo wageni tunaamini kwamba nchi hii haina matabaka makali. Yapo. Yamejificha ndani ya uhakika: nani anajua Ijumaa atapata nini, nani anajua zamu zake za wiki ijayo, nani anaweza kumjibu mtu aliyemtukana bila kupoteza chakula cha jioni.

Sasa niwape nafasi wanaoipenda sheria hii, maana wana hoja, na baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba wahudumu wenyewe, mara nyingi, hawataki bakshishi iguswe. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo la Maine walipitisha kuiondoa taratibu ile tofauti kati ya mshahara wa mhudumu na kima cha chini cha kawaida. Wahudumu wakamiminika bungeni kupinga, na mwaka uliofuata wabunge wakairudisha. Massachusetts mwaka 2024 karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikataa pendekezo kama hilo. Siwezi kuwaambia watu wale kwamba hawajui maslahi yao. Mhudumu wa mgahawa mzuri Boston anapata kwa usiku mmoja pesa ambayo hakuna mwajiri angekubali kuiandika kwenye mkataba, na anaogopa, kwa haki kabisa, kwamba akiongezewa mshahara wateja wataacha kutoa. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini majimbo saba, Minnesota ninakoishi sasa likiwamo, pamoja na California, Oregon, Washington, Nevada, Montana na Alaska, yanamtaka mwajiri alipe kima cha chini chote kabla ya bakshishi, na wateja bado wanaacha pesa mezani. Nilipohamia Minneapolis na kufanya zamu za jioni miezi michache, kitu cha kwanza nilichokishangaa kilikuwa hundi yenye namba. Usiku mbaya ulikuwa usiku mbaya tu, haukuwa janga.

Hoja ya pili ina uzito wa kati: punguzo lolote kwa mfanyakazi ni bora kuliko hakuna. Ningeikubali kama pesa ya serikali isingekuwa na mwisho. Ila wafanyakazi wa kazi za bakshishi ni kama milioni 4, asilimia 2.5 tu ya walioajiriwa, na wengi wa watu wa kipato cha chini hawamo. Ukitaka kumfikia muosha vyombo na mlezi wa wazee, njia ziko: kupandisha zile dola 7.25, au kuongeza ruzuku ya kodi kwa wenye kipato kidogo bila kujali wamelipwa na nani.

Hoja dhaifu kabisa, na ndiyo inayopendwa, ni kwamba bakshishi humfanya mhudumu ajitume. Mlipe mshahara kamili atalala. Tumeisikia hata nyumbani kuhusu wafanyakazi wa hoteli. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell amechunguza bakshishi kwa miongo kadhaa, na amekuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi kinachoachwa ni mdogo mno. Watu hutoa kwa mazoea, kwa ukubwa wa bili, kwa hali ya moyo, na ndiyo, kwa sura na rangi ya anayewahudumia. Zaidi ya hayo, hoja hii haimhusu daktari, rubani wala mwalimu. Hakuna anayesema rubani aache kulipwa mpaka abiria wapime alivyotua. Inatumika kwa watu wa chini pekee, kana kwamba wao tu ndio wanaohitaji wasiwasi ili wafanye kazi. Mtu anayesema hivyo hajatoa hoja ya uchumi. Ametamka anavyomwona mwenzake.

Kuna kipengele kimoja ndani ya sheria ambacho kwangu kinamaliza ubishi, na sijakisikia kwenye sauti yoyote ya WhatsApp. Ili bakshishi ipate msamaha, lazima iwe ya hiari. Mgahawa ukiandika kwenye bili ada ya huduma ya lazima ya asilimia 18 na kuwapa wafanyakazi wote, pesa hiyo haihesabiwi. Inatozwa kodi kama mshahara mwingine. Tafakari maana yake. Mwenye mgahawa anayetaka kuondoa kubahatisha, anayesema huduma ina bei na bei hiyo hulipwa na kila anayekula, wafanyakazi wake wanaadhibiwa na kodi. Anayewaacha watu wake wasubiri huruma anapata motisha ya serikali. Dola ile ile, mteja yule yule, sahani ile ile. Ikija kama haki inatozwa, ikija kama hisani inasamehewa. Sisi tuliolelewa kwa mafunzo kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, mafunzo ambayo hayakusema alipwe na mteja aliyefurahi, tunapaswa kulisikia jambo hili likituchoma.

Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kodi mpya inayotuhusu moja kwa moja. Kuanzia Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa kulipa taslimu dirishani anatozwa asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani hatozwi. Dola 2 kwenye kila 200 si pesa ya kumfilisi mtu. Lakini angalia inamwangukia nani: yule asiye na akaunti, mwenye bahasha, aliyelipwa bakshishi za noti. Mwaka 2023 kaya milioni 5.6 nchini humu hazikuwa na akaunti ya benki. Mkono mmoja wa sheria umempa mhudumu punguzo ambalo, akiwa maskini kweli, halimfikii; mkono mwingine unamkata anapomtumia mama yake pesa ya dawa.

Nionavyo, madhara makubwa yatakuwa ya kisiasa. Mwaka 2028 unakaribia, na punguzo likikaribia kuisha mjadala wote utakuwa juu ya kulirefusha. Wahudumu watapigania msamaha wao, na watakuwa na haki ya kuupigania, huku wenye migahawa wakisimama pamoja nao kwa furaha, kwani kila mwaka ambao Bunge linazungumzia kodi ya bakshishi ni mwaka ambao halizungumzii mshahara. Walezi wa wazee na wapishi watabaki pembeni wakiwatazama wenzao, wakiambiwa kimoyomoyo kwamba tatizo lao ni kukosa bahati ya kazi yenye mteja. Watu wa tabaka moja watakuwa wametenganishwa na fomu ya kodi.

Binamu yangu nilimweleza haya kwa sauti mbili ndefu. Yeye anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii, bakshishi anazijua. Alikaa kimya mpaka jioni, halafu akaniuliza: sasa huyo mwenye mgahawa, yeye kwa saa anamlipa mhudumu shilingi ngapi? Nikamwandikia dola 2.13. Akanijibu niangalie vizuri, nimeruka tarakimu.